Bai Misuo Akabidhi Njia ya Matuta ya Duoma

Tarehe ishirini na nane mwezi huu wa Februari, Bai Misuo anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Misafara ya Picha la Bonde la Duoma kwa miaka thelathini na mmoja. Vijana waliojiunga nasi juzi wanamwita Shangazi Misuo. Sisi wa zamani tunamwita Dada. Wageni wanaotoka Shanghai, Seoul na Osaka wakiwa na mabegi makubwa kuliko wao wanamwita Mwalimu Bai, naye kila anapoitwa hivyo hugeuka nyuma kuangalia huyo mwalimu ni nani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi dereva. Meneja alieleza kwamba mlimani Misuo huwaacha watu wote nyuma isipokuwa anayeendesha gari, kwa sababu huyo amekaa kando yake, upande wa usukani. Ni kweli. Nimekaa upande huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Alfajiri tukitoka mjini, yeye husinzia kiti cha mbele akiwa amejifunika shali ya nili mpaka puani, na huamka mwenyewe kona moja kabla ya mahali pa kushuka. Sijawahi kumwamsha. Nilijaribu mara moja kubadili njia ili nimchanganye, akafumbua macho akaniuliza kama nimekunywa.

Misuo alizaliwa Shalapu, kijiji cha juu kilicho karibu na msitu, akiwa mtoto wa kwanza wa mfuga bata. Mama yao alifariki mapema, na mdogo wake wa kiume, Zhelu, alilelewa mgongoni mwa dada yake huku dada akipandikiza mpunga. Alipoolewa alishuka Duoma, kijiji cha chini, kwenye ukoo wa Ma, akaenda na bata wake. Kwa hiyo ana kwao mbili, moja juu ya nyingine, na kati yake kuna matuta ya mpunga yanayoshuka mlima kama ngazi, na mfereji mmoja unaoyanywesha yote.

Jinsi alivyoingia kwenye kazi hii ni jambo analolisimulia mwenyewe, na kila mwaka bata wa kwenye hadithi hiyo anazidi kunenepa. Asubuhi moja ya majira ya baridi alikuta gari la mtu wa Guangzhou limezama tope. Mwenye gari alikuwa na kamera mbili shingoni, akataka apelekwe ng'ambo ya mlima kwenye mandhari aliyosikia habari zake. Misuo akakubali. Lakini kwanza akampitisha kwenye kona ya Duoma, kwenye matuta ya wifi yake Ma Chunni, kwa sababu bata wake mmoja hakurudi jioni iliyopita. Yule bwana akaketi ukingoni amenuna, ukungu mzito, hakuna anachokiona, na mwenyeji wake anaita bata. Ghafla ukungu ukapasuka, jua likaangukia maji, matuta yote ya bonde yakawaka kwa mpigo mmoja. Hakuuliza tena habari za ng'ambo. Baadaye, picha ile ilipotoka kwenye kalenda na magari yakaanza kufuatana, watu walimuuliza Misuo alijuaje pa kumpeleka. Hajawahi kubadilisha jibu: "Nilikuwa natafuta bata."

Shirika letu lilizaliwa kutokana na magari yale, na Misuo ndiye kiongozi wa kwanza kuandikishwa. Alikuwa hana kamera. Kwa miaka mingi aliongoza watu kwa macho matupu. Alikuwa akiwaambia wapi wasimame, ukungu utakatika upande gani, na lini mwanga utahama kutoka matuta ya juu kwenda ya chini, na wao wakabonyeza. Alipokuja kununua kamera yake, tulikusanyika ofisini kuona picha za mtu anayelijua bonde kuliko sote. Zote zilikuwa zimeinama. Milima ilikuwa inateleza kwenda kushoto. Tulicheka mpaka chai ikapoa, naye akacheka kuliko sisi, akasema yeye ameishi maisha yake yote kwenye mteremko, hajui hiyo mistari ya kunyooka inapatikana wapi.

Wageni walimpenda na walimwogopa kidogo. Mifuko yao ilijaa mayai ya bata ya kuchemsha kabla hawajashuka garini, watake wasitake. Mtu aliyekanyaga na kubomoa ukingo wa tuta, hata akiwa nani, alivuliwa viatu, akaonyeshwa tope, akauziba kwa mikono yake mpaka mwenye shamba aridhike. Bwana mmoja wa Hangzhou alikuja amevaa suruali nyeupe na akaukanyaga ukingo dakika aliyofika. Tulimwona akiwa amepiga magoti kwenye maji ya baridi, suruali ile imekuwa rangi ya nyati. Tulidhani hatutamwona tena. Alirudi mwaka uliofuata na kaka yake, akampeleka kumwonyesha ukingo aliojenga. Ulikuwa umesimama imara. Chunni, mwenye shamba, alimwambia pole pole kwamba yeye mwenyewe aliujenga upya siku ileile mgeni alipoondoka, ila hakutaka kumvunja moyo.

Wasifu wa mstaafu kwa kawaida huishia hapo, kwenye vicheko na shukrani. Lakini waliokuja karibuni hawajui kwa nini wageni wetu leo wanalala nusu Shalapu na nusu Duoma, wala kwa nini kwenye nyumba zote za wageni maji ya moto hutolewa kwa ndoo. Wanadhani ni utaratibu wa meneja. Misuo hawezi kuwaambia habari inayomgusa ndugu yake, kwa hiyo nitawaambia mimi, na mdogo wake Zhelu ameusoma ukurasa huu kabla haujachapwa, akasema uandikwe.

Ni miaka kumi na moja iliyopita. Misafara ilikuwa imestawi. Shalapu, palipokuwa na nyumba za paa la nyasi na mazizi, palikuwa pamejaa nyumba za wageni zenye vioo vinavyotazama bonde. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Zhelu. Misuo ndiye aliyemtafutia fundi, na akiba yake mwenyewe ilikuwa ndani ya msingi ule. Wageni wote tuliowabeba tuliwashusha mlangoni kwa Zhelu, nao wakitoka matopeni jioni jambo la kwanza walilouliza ni bafu liko wapi.

Majira ya baridi ya mwaka ule tulifika kona ya Duoma alfajiri, wageni wakafungua stendi za kamera zao, mwanga ukaja, na pale chini palipotakiwa kung'aa pakabaki kahawia. Matuta ya juu yalikuwa na maji. Ya katikati yalikuwa na maji ya kulowesha kucha. Ya Chunni, yale ya kwenye kalenda, yalikuwa udongo mtupu unaoanza kupasuka. Bata walikuwa wamesimama juu yake wamepigwa na bumbuwazi.

Wageni walinung'unika. Mmoja aliuliza kama ofisi haiwezi kuvuta maji kwa mashine kwa ajili ya asubuhi moja tu. Meneja wa wakati ule, ambaye ameshahama, alipiga simu akatuagiza tuwapeleke bonde la jirani na tusilikuze jambo. Misuo alikuwa ameshuka chini, amechuchumaa kwenye tuta la wifi yake, ameingiza vidole kwenye ufa.

Hapa nieleze kidogo kwa ajili ya wenzetu wa mjini. Tuta la mpunga la kwetu haliachwi likauke. Baada ya mavuno hujazwa maji na kukaa hivyo msimu wote wa baridi, na maji yenyewe ndiyo yanayoushika udongo ukae pamoja. Likikauka linapasuka, na mvua ya kwanza ikiingia kwenye nyufa, mlima unateremka. Chini ya matuta ya Chunni kulikuwa na zizi lake, na chini ya zizi kulikuwa na nyumba za watu.

Chunni alikuwa mjane, mwanawe yuko Kunming. Alimwambia Misuo kwamba amechoka kupanda kuuliza maji. Akifika juu anaambiwa mwaka huu msitu umetoa kidogo. Kukija joto atapanda mahindi, na mahindi yakimshinda atamfuata mwanawe akalee wajukuu ghorofani. Kisha akamtania, kwa sababu wale wawili hawajawahi kuongea dakika nzima bila kutaniana, "Na wewe wifi uwalete wageni wako wapige picha mahindi. Nayo yana kijani."

Misuo hakucheka. Alivua shali, akanipa nishike, akaanza kuufuata mfereji kuelekea juu. Nami nikafuata, na njiani tukamkuta Pu Laosan, mlinzi wa mfereji, yupo na jembe lake begani na pikipiki yake ameitelekeza kichakani. Laosan ni mtu mwenye maneno mengi, lakini siku hiyo alitembea nyuma yetu kimya kama mtu anayepelekwa kituoni.

Juu ya Shalapu, mfereji unapotoka msituni, limelazwa gogo linalogawa maji. Gogo hilo limechongwa mikato miwili, mmoja wa Shalapu na mmoja wa Duoma, na upana wa mkato ndio haki ya kijiji. Ulikubaliwa na mababu na hakuna aliyewahi kuugusa. Tulipofika, mkato wa Shalapu ulikuwa umepanuliwa kwa patasi. Mti wa ndani ulikuwa bado mweupe. Na chini ya mkato, ndani ya mfereji wa Shalapu, mabomba meusi ya plastiki yalikuwa yamelala kama mikunga, yakielekea kwenye nyumba zenye vioo. Bomba nene kuliko yote lilikwenda kwa Zhelu.

Misuo alimgeukia Laosan akamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu mavuno," Laosan alisema.

"Na mdomo wako wote huo haukuniambia?"

Laosan alitazama jembe lake. "Wanaoyaoga hayo maji ni wageni wako, Dada. Ningekwenda kumshtakia nani?"

Nimemwona Misuo katika mvua ya mawe, nimemwona kwenye gari lililokatika breki, lakini uso ule sikuwahi kuuona kabla wala baada ya hapo. Alikaa kwenye jiwe. Maji yalikuwa yakipita mbele yake, mengi huku, kidogo kule. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiwahesabu kichwani wageni wote aliowapandisha Shalapu, akiona kila mmoja amejipaka sabuni.

Alikwenda kwa mdogo wake moja kwa moja. Zhelu alikuwa jikoni akionja mchuzi wa samaki wa wageni, na hakukana. Alisema ni kweli patasi ni yake, lakini mabomba ni ya wote, na kama ni kosa basi kijiji kizima kimekosa. Watu wa mjini wakitoka kwenye tope wanataka maji ya moto. Wasipoyapata hawarudi. Akamkumbusha kwamba nyumba ile ni jasho la wote wawili.

"Ukiwaambia waoge kwa beseni watakwenda kwingine," alisema, "na mimi na wewe tutarudi kuuza bata."

"Mimi sijaacha kuuza bata," Misuo akamjibu.

Zhelu akauliza kwa nini anaanza na yeye, na nyumba za wageni ziko kumi na kitu. Misuo akasema, "Kwa sababu wewe ndiye ninayeweza kukugombeza." Halafu akamwomba. Sio kwa ukali, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyembeba: akauzibe ule mkato leo, kabla jua halijazama, na yeye atasimama naye mbele ya wenye nyumba wengine. Zhelu alirudisha mfuniko kwenye sufuria. Akasema hawezi.

Mchana uleule Misuo alinirudisha garini nikawachukue wageni, na kuniambia nipakie mabegi yao. Aliwakusanya uani kwa Zhelu, mdogo wake akisikiliza mlangoni, akawaeleza maji yamekwenda wapi. Hakumtaja mtu. Alisema kwamba yeye ndiye aliyewaleta, na kwamba kuanzia siku hiyo msafara anaouongoza utalala Duoma, kwenye nyumba za wakulima, nyati wa kulimia chini na watu juu, moshi mwingi, na kuoga ni beseni moja kwa mtu. Asiyetaka atapelekwa mjini na hakuna atakayemnung'unikia.

Wawili waliondoka. Waliobaki walilala kwa Misuo na kwa Chunni, wakala wali mwekundu na samaki wadogo wa matuta kwa pilipili ya kuchovya, na usiku wakawasikia nyati wakikoroma chini ya mbao. Bibi mmoja wa Nanjing alimwambia Chunni kwamba tangu astaafu hajalala usingizi kama ule. Chunni akamjibu kwamba ni moshi umemzimisha.

Lakini ofisini haikuwa kicheko. Wenye nyumba za wageni walifika wakiwa wamejaa lori, na meneja akamsimamisha Misuo kuongoza mpaka mwisho wa msimu. Aliwekwa kwenye meza karibu na mlango ajibu simu. Wengi wetu tulikaa kimya, maana mishahara yetu ilikuwa inatoka kwenye nyumba zilezile zenye vioo. Mwezi wa sikukuu, meza zilipounganishwa barabarani kwa mlo wa pamoja wa vijiji vyote viwili, Zhelu alikaa mwisho wa juu na Misuo mwisho wa chini. Nilimwona Misuo akimmenyea mdogo wake yai la bata, akalishika, akatazama urefu wa zile meza zote, kisha akampa mtoto wa jirani.

Aliumia zaidi kwa Zhelu kuliko kwa kazi. Njiani tulipokuwa peke yetu aliniuliza mara moja kama nilidhani amemfedhehesha. Nilisema sijui. Alisema naye hajui, ila kama angeufumba mdomo angeshindwa kupita kwenye kona ile.

Mvua ilikuja mwishoni mwa Aprili, kabla ya kupandikiza, mvua moja nzito ya alasiri. Matuta matatu ya Chunni yaliteremka. Yalikwenda taratibu, kama mtu anayevuta blanketi, yakalala juu ya zizi na kusimama hatua chache kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza. Hakufa mtu. Nyati wa Chunni alifukuliwa akiwa mzima, amejaa hasira, akampiga Laosan kwa pembe kwenye paja, na Laosan mpaka leo anachechemea pale anapotaka kuhurumiwa.

Kesho yake watu wa Duoma walitoka wote na majembe. Halafu watu wa Shalapu wakaanza kushuka, wawili, watano, bila kuitwa. Zhelu alikuja mwisho. Alikuwa amevaa viatu vya mjini, akavivua kando ya njia, akaingia kwenye tope na kusimama penye nafasi, na nafasi ilikuwa karibu na dada yake. Tulikuwa tumejipanga tukipokezana mawe ya kujengea ukuta mpya. Jiwe lilitoka kwangu likaenda kwa Misuo, likatoka kwa Misuo likaenda kwa Zhelu. Asubuhi nzima, kila jiwe Misuo alilompa mdogo wake alihakikisha amelishika vizuri kabla hajaliachia, kama unavyompa mtoto bakuli la moto.

Mchana Chunni alileta wali. Zhelu hakuchukua. Alimwendea akasimama mbele yake, tope mpaka kiunoni, akasema, "Zizi lako nitalijenga mimi." Chunni alimtazama kwanza viatu vyake kule njiani, kisha yeye. "Basi ule," akamwambia. "Fundi mwenye njaa hupinda kuta."

Ndipo akakaa karibu na dada yake. Alikula nusu ya bakuli. Akasema bila kumtazama, "Dada, lile gogo nitalichonga upya mwenyewe. Utakuja unishikie kamba ya kupimia?"

"Macho yangu hayajui kunyoosha," Misuo alisema. "Muulize mtu yeyote ofisini."

Zhelu alicheka kwanza, halafu mabega yakaanza kumtikisika vingine, na dada yake akamwekea mkono wenye tope shingoni mpaka akatulia. Sisi wengine tulijishughulisha na wali.

Gogo jipya lililazwa wiki iliyofuata, mbele ya vijiji vyote viwili, na Laosan alikaa juu ya ukingo akisimamia kana kwamba ameupanda yeye mti wenyewe. Wenye nyumba za wageni hawakukubali kwa siku moja. Zhelu alianza kwa kukinga maji ya paa lake na kujenga tangi nyuma ya jiko, akabandika mlangoni kwamba hapa ni ndoo moja ya moto kwa mtu kwa siku. Walimcheka. Msimu ulipofika wageni wake hawakupungua, na tangi la pili kijijini likajengwa, na la tatu. Meneja naye akaona wageni wanaulizia kulala Duoma, kwenye moshi, akamwita Misuo kutoka kwenye meza ya simu. Inasemekana alimwambia kwamba shirika limefikiria upya. Misuo alimjibu kwamba amefurahi, kwa sababu ile simu ilikuwa inamtia wazimu.

Matuta matatu yalichukua misimu miwili kurudi. Msimu wa kwanza kona ya Duoma ilikuwa na pengo kama jino lililong'oka. Viongozi wenzake walianza kuwasimamisha wageni mbali kidogo, mahali ambapo pengo halionekani. Misuo aliwasimamisha palepale. Aliwaambia wapige na pengo. Aliwaeleza lilivyotokea, na waliotaka aliwashusha wakabebe mawe saa moja kabla ya kifungua kinywa. Sikutarajia mtu akubali. Ilibidi Chunni apange zamu.

Asubuhi maji yalipofunguliwa kuingia kwenye tuta la mwisho hakukuwa na msafara. Tulikuwa sisi wa vijiji na wafanyakazi wachache. Maji yaliingia polepole, yakazunguka mawe, yakatafuta pembe zote, na yalipofika ukingoni yalisimama. Chunni aliwaachia bata. Zhelu alimuuliza dada yake kwa nini hakuja na kamera, naye akasema anataka kutazama tu. Mwanga ulikuja kama ulivyokuja kwa yule bwana wa Guangzhou, na hakuna aliyebonyeza kitu.

Tangu wakati ule Misuo amewafundisha viongozi vijana wote tulionao. Amewafundisha ukungu, amewafundisha mwanga, na kabla ya vyote viwili huwapandisha wiki nzima kwa Laosan wazibue mfereji kwa majembe. Wengine hukimbia siku ya tatu. Waliobaki ndio mnaowaona leo wamevaa beji. Mlinzi wa mfereji sasa anatunzwa na misafara yetu, na jina lake liko kwenye karatasi ya kila mgeni, chini ya jina la kiongozi. Laosan ameikata moja akaibandika kwenye tangi la pikipiki.

Misuo anastaafu kwa sababu magoti yamegoma kushuka. Kupanda bado anatuacha. Tulimuuliza atafanya nini, tukitegemea kusikia bata. Bata watakuwepo, alisema, lakini kuna jambo moja analolitamani kwanza. Katika miaka yote hii hajawahi kuliona jua likiingia chumbani kwake akiwa bado kitandani. Dirisha lake linatazama mashariki. Mumewe humsimulia kwamba mwanga huanzia kwenye msumari wa shali, ukashuka ukutani, ukafika kwenye mto wa kulalia. Anataka kujua kama mwanaume huyo amekuwa akisema kweli.

Dada Misuo, tunakushukuru kwa kutuonyesha bonde letu, na kwa ile asubuhi uliyopakia mabegi wakati sisi tumenyamaza. Uishi kwa afya na raha na wote wa kwako, wa juu na wa chini. Tarehe moja Machi, saa kumi na moja alfajiri, nitapita mbele ya nyumba yako na wageni wapya. Nitazima taa za gari nisikuamshe. Lala tu.

Luo Yongde, dereva,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Shirika